H. pylori: mseto wa dawa tatu au wa dawa nne? Namna ya kuchagua kabla hujaanza kumeza

Karatasi za daktari zinazofika dirishani kwetu famasi kwa ajili ya H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, hufanana kama mapacha. Omeprazoli miligramu 20, moja mara mbili. Amoksisilini gramu moja, mara mbili. Klarithromisini miligramu 500, moja mara mbili. Siku 14, ingawa nyingine bado zinaandikwa siku 7. Mara chache inakuja karatasi ndefu zaidi, yenye bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli, na mgonjwa akiona trei ya kuhesabia vidonge inavyojaa ananiuliza: “Dokta, hizi zote ni za tumbo tu?”

Ni za tumbo tu. Swali lenye uzito zaidi, ambalo wachache huliuliza, ni kwa nini huyu kapewa tatu na yule kapewa nne, na mimi zinanifaa zipi. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye ameshapimwa, majibu yamesema ana H. pylori, na sasa yuko njiani kati ya chumba cha daktari na famasi. Dozi ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa ya kumponya. Ikishindwa, ya pili huwa ngumu zaidi, kwa sababu bakteria waliobaki ni wale walioshindana na dawa wakashinda.

Msimamo wangu nausema mapema. Hospitali nyingi kwetu hazioteshi bakteria wa tumboni ili kuona dawa ipi inamuua na ipi haimuui. Kazi hiyo inataka kinyama kidogo kilichotolewa tumboni kwa mpira wa endoskopi, maabara yenye hewa maalumu na siku kadhaa za kungoja. Kwa hiyo kipimo cha usugu ambacho kila mtu anacho ni kumbukumbu yake: antibayotiki gani zimewahi kupita tumboni mwako, mara ngapi, kwa ugonjwa gani. Ukiweza kujibu hilo, sehemu kubwa ya uchaguzi imeshafanyika.

Kwa nini dawa ya asidi na antibayotiki ziende pamoja

Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha bakteria huyu. Sahani ziliachwa kwenye mashine ya kuoteshea wakati wa mapumziko ya Pasaka, muda mrefu kuliko kawaida, ndipo akaonekana. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na tumbo lake likashikwa na uvimbe. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005. Kabla yao, vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mawazo na asidi, na mgonjwa alimeza dawa za kupunguza asidi mwaka hadi mwaka. Akiacha, kidonda kinarudi. Mpaka leo nasikia watu wakishauriwa waache maharage na pilipili, basi, kana kwamba bakteria anafukuzwa kwa kubadilisha mboga.

Ndani ya mseto, dawa ya asidi, yaani omeprazoli na wenzake, haipo kwa ajili ya kutuliza maumivu peke yake. Kwanza, amoksisilini na klarithromisini huharibika kwenye asidi kali, hasa klarithromisini. Asidi ikishushwa, dawa inadumu tumboni muda wa kutosha kufanya kazi. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, antibayotiki kama amoksisilini humuua bakteria pale anapogawanyika. Asidi ikiwa kali, sehemu ya bakteria hawa hutulia bila kuzaana na dawa inawapita. Asidi ikishuka mpaka karibu na hali ya maji ya kawaida, wanaanza kuzaana tena, na hapo dawa inawakuta.

Kinyume chake ni kweli pia: omeprazoli peke yake haimalizi bakteria. Inaleta nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Siku ya nne tumbo limeacha kuwaka, antibayotiki zinaleta ladha mbaya mdomoni, mtu anabaki na omeprazoli na kuziweka nyingine kabatini. Baada ya miezi miwili anarudi, tumbo ni lilelile na bakteria ni mkali zaidi.

Mseto wa dawa tatu

Huu ndio uliotawala tangu katikati ya miaka ya 1990: dawa ya asidi, amoksisilini na klarithromisini. Wakati huo ulikuwa ukiwaponya zaidi ya 90 katika kila wagonjwa 100. Kwa mmezaji ni mseto rahisi kuishi nao. Ukitumia kapsuli za amoksisilini za miligramu 500, ni vidonge 8 kwa siku, vinne asubuhi na vinne jioni, na mchana uko huru. Mwalimu, dereva, muuza duka, wote wanaweza kuumaliza bila kubeba dawa kazini. Chai ya maziwa haina shida nao. Kinachokera ni uchungu wa klarithromisini unaobaki kwenye ulimi, na kwa baadhi ya watu tumbo la kuendesha.

Udhaifu wake umekaa mahali pamoja: klarithromisini. Usugu dhidi ya dawa hii hauna katikati. Bakteria akibadilika sehemu ndogo tu ya kiwanda chake cha protini, pale dawa inaposhika, klarithromisini haimshiki tena, hata ukiongeza dozi, hata ukiongeza siku. Mgonjwa anadhani anameza dawa tatu, kumbe zinazofanya kazi ni mbili, na amoksisilini mara mbili kwa siku na omeprazoli haziwezi mzigo huo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimweka H. pylori sugu kwa klarithromisini kwenye orodha ya vimelea vinavyohitaji dawa mpya kwa haraka. Miongozo ya kimataifa inasema usugu huo ukizidi asilimia 15 katika eneo, au ukiwa haujulikani, mseto huu usiwe chaguo la kwanza.

Kwetu, kuna jambo linalonitia wasiwasi kila siku. Klarithromisini ina ndugu zake: azithromisini na erithromisini. Bakteria aliyejifunza kumkwepa mmoja amewakwepa wote. Na nani kati yetu hajawahi kupewa vile vidonge vitatu vya azithromisini, kimoja kwa siku, kwa kikohozi, kwa koo, kwa mafua ambayo yangeisha yenyewe? Wakati wa Uviko vilinunuliwa kama karanga. Kila mara vilipopita, bakteria waliokuwa wamekaa tumboni kimya navyo walikutana.

Mwaka jana alikuja mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, hapa Mwanza, na karatasi ya mseto wa tatu. Nikamwamkia, nikaanza kuhesabu, na kwenye kompyuta nikaona jina lake: dawa zilezile, miezi minne iliyopita.

“Shikamoo mama, hizi si ulishamaliza?”

“Marahaba mwanangu. Nilimaliza zote. Wamenipima tena, wamesema bado wapo.”

Nikamwuliza kuhusu kikohozi. Moshi wa kukaushia dagaa unamsumbua kifua, na ndani ya mwaka ule alikuwa amenunua azithromisini mara tatu kwenye duka la dawa karibu na nyumbani. Hakuna aliyemwuliza hilo alipoandikiwa dozi ya kwanza, na hakuna aliyemwuliza alipoandikiwa ya pili. Nilimpigia daktari, naye alisikiliza na kubadilisha. Kurudia klarithromisini kwa mtu aliyeshindwa nayo ni kumchosha bure na kumpotezea pesa, maana katika mseto wa tatu klarithromisini ndiyo inayobeba bei.

Jambo jingine la klarithromisini: haielewani na dawa nyingi za magonjwa ya kudumu. Simvastatini ya kushusha kolesteroli, karbamazepini ya kifafa, dawa za presha kama amlodipini na nifedipini, vyote klarithromisini inavipandisha kwenye damu. Mzee wa presha anaweza kudondoka kwa kushuka presha wiki hiyohiyo, akadhani ni vidonda vimezidi. Na aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa penisilini, amoksisilini si yake kabisa.

Mseto wa dawa nne wenye bismuthi

Wengi wanauona kama mseto mpya. Kiini chake ni cha zamani kuliko ule wa tatu: bismuthi, metronidazoli na tetrasaiklini zilitumika pamoja Australia tangu miaka ya 1980, kabla klarithromisini haijaingia kwenye kazi hii. Dawa ya asidi iliongezwa baadaye. Sasa umerudi mbele. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2024 unautaja kuwa chaguo la kwanza, kwa siku 14, kwa mtu ambaye usugu wa bakteria wake haujulikani. Hao ni karibu wagonjwa wetu wote.

Bismuthi ni chumvi ya madini. Inakaa juu ya kidonda kama kibandiko na inamshambulia bakteria kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo hajapata namna ya kuizoea. Tetrasaiklini, watu wazima wengi hawajaimeza kwa miaka. Ndani ya mseto huu hakuna penisilini, kwa hiyo mwenye mzio wa amoksisilini ana pa kwenda.

Anayejua mambo ya usugu Afrika ataniuliza hapa: vipi kuhusu metronidazoli? Ni kweli, usugu wake ni mkubwa sana barani kwetu, kwa sababu Flagyl, kama wengi wanavyoiita hata ikiwa ya kampuni nyingine, ndiyo dawa ya kila tumbo la kuharisha. Lakini usugu wake si kama wa klarithromisini. Huu unazidiwa nguvu. Dozi ikiwa kubwa ya kutosha, miligramu 400 au 500 mara tatu au nne kwa siku, bismuthi ikiwepo, na siku zikiwa 14, metronidazoli bado inafanya kazi kwa sehemu kubwa ya wagonjwa ambao maabara ingesema bakteria wao ni sugu. Tofauti hii ndogo ya kitaalamu ndiyo inayonifanya niupendelee mseto wa nne kwa watu wa kwetu.

Ubaya wake ni mzigo. Kapsuli nyingi za tetrasaiklini zinazopatikana ni za miligramu 250 na vidonge vya metronidazoli ni vya 200. Hesabu: omeprazoli 2, bismuthi 4, tetrasaiklini 8, metronidazoli 6. Vidonge 20 kwa siku, 280 kwa wiki mbili. Na si kila famasi ina bismuthi na tetrasaiklini kwa siku moja. Ukiambiwa tetrasaiklini imeisha uchukue doksisaiklini “ni zilezile”, usikubali kabla hujarudi kwa daktari. Ni za ukoo mmoja, lakini kwa bakteria huyu doksisaiklini haijaonyesha nguvu sawa.

Tetrasaiklini haimfai mjamzito wala mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa sababu ya meno na mifupa. Kwa mjamzito, matibabu ya H. pylori kwa kawaida husubiri mpaka ajifungue. Ngozi nayo huungua na jua kirahisi zaidi. Anayeshinda shambani au ziwani avae mikono mirefu.

Choo kitakuwa cheusi, na ulimi pia unaweza kuwa mweusi. Hiyo ni bismuthi na itaisha ukimaliza dozi. Kinachotakiwa kukutisha ni choo cheusi kinachong'aa, kinachonata kama lami na kunuka vibaya kuliko kawaida, hasa kikija na kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Hiyo ni damu, na mahali pake ni hospitali usiku huohuo.

Siku moja ya mseto wa nne, ilivyo

Yule mama nilimwandikia kwenye bahasha ya dawa hivi, na nimeendelea kuwaandikia wengine.

Saa 12 asubuhi, omeprazoli moja kwa maji matupu, kabla ya kitu chochote. Saa 12 na nusu au saa 1, anakunywa chai na anachokula, halafu bismuthi moja, tetrasaiklini mbili, metronidazoli mbili. Saa 7 mchana baada ya kula, tena bismuthi moja, tetrasaiklini mbili, metronidazoli mbili. Saa 12 jioni omeprazoli ya pili. Saa 1 usiku baada ya chakula, bismuthi, tetrasaiklini, metronidazoli kama mchana. Saa 4 usiku, bismuthi moja na tetrasaiklini mbili kwa glasi nzima ya maji, akiwa amekaa, na asilale mpaka ipite nusu saa, kwa sababu kapsuli ya tetrasaiklini ikikwama kooni inaunguza.

Neno chai hapo nililipigia mstari: chai ya rangi. Maziwa huikamata tetrasaiklini ikapita tumboni bila faida. Mtindi vilevile. Vidonge vya kuongeza damu vile vyenye madini ya chuma, na dawa za maji za kutuliza gesi, vinaikamata pia; viwe mbali nayo kwa saa mbili au tatu. Alinikazia macho. “Wiki mbili bila chai ya maziwa?” Nikamwambia anaweza kunywa saa 10 jioni, katikati ya dozi ya mchana na ya usiku. Akakubali. Naamini ruhusa ile ya saa 10 ndiyo iliyomfanya amalize.

Pombe hakuna, ya dukani wala ya kienyeji, tangu siku ya kwanza mpaka siku tatu baada ya metronidazoli ya mwisho. Ikikutana na metronidazoli inaweza kuleta kutapika, uso kuwaka na moyo kudunda.

Kwa kutazama upande kwa upande

| | Mseto wa tatu | Mseto wa nne |
|---|---|---|
| Vidonge kwa siku | 8, mara mbili | 20, mara nne |
| Unapoanguka | Aliyemeza azithromisini, erithromisini au klarithromisini | Asiyeweza ratiba ya mchana na ya kulala |
| Mzio wa penisilini | Haufai | Unafaa |
| Presha, kifafa, kolesteroli | Tahadhari kubwa | Nafuu zaidi, ila anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme |
| Chai ya maziwa | Sawa | Mbali na tetrasaiklini |

Dawa ya asidi ipi?

Hapa watu hubishana sana kuhusu jina, wakati saa ya kumeza ndiyo inayoharibu mambo. Omeprazoli, esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na rabeprazoli zote huzima pampu za asidi zilizo kwenye ukuta wa tumbo. Lakini zinazima pampu zinazofanya kazi tu, na chakula ndicho kinachoziwasha. Kwa hiyo dawa inatakiwa iwe imeshaingia kwenye damu chakula kinapofika: nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, asubuhi na jioni. Anayeimeza baada ya kushiba, au pale tu kiungulia kinapomkamata, anaipunguza nguvu. Usitafune chembe zilizo ndani ya kapsuli. Zimefunikwa ili asidi isiziharibu njiani.

Tofauti kati yao ipo. Kuna watu ambao ini lao huivunja omeprazoli haraka, asidi ikarudi mapema. Kwao rabeprazoli au esomeprazoli kwa dozi ya kutosha hushikilia vizuri zaidi. Mtu aliyemaliza dozi sawasawa kwa omeprazoli ikashindikana, hilo ni jambo la kumwuliza daktari.

Famotidini na zile za kundi lake ni dhaifu kwa kazi hii. Mwili huzizoea ndani ya siku chache na asidi inapanda tena. Ranitidini, ambayo wazee wengi bado wanaiulizia, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu unaohusishwa na saratani. Dawa za maji za kutuliza gesi, zenye magnesiamu na aluminiamu, hazimo kabisa kwenye mseto. Zinapoza moto kwa saa moja mbili tu.

Upande wa juu kabisa kuna vonoprazani, iliyotokea Japani na kuanza kutumika huko mwaka 2015. Inazima asidi kwa nguvu na haraka zaidi na haisubiri chakula. Marekani iliidhinishwa mwaka 2022 kwa H. pylori, pamoja na amoksisilini peke yake au amoksisilini na klarithromisini. Uzuri wake ni kwamba asidi ikizimwa kweli, amoksisilini kwa dozi ya gramu moja mara tatu kwa siku hufanya kazi kubwa bila klarithromisini.

Anayetumia dawa za VVU asianze chochote kabla ya kusema anatumia nini. Atazanaviri na rilpivirini haziendi na omeprazoli. Dolutegraviri inaenda nayo vizuri, ila dawa za maji za gesi zinaikamata: imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake.

Siku ngapi

Siku 14. Za 7 zilitosha zamani, bakteria alipokuwa bado mgeni na dawa hizi. Karatasi yako ikisema 7, rudi uulize.

Miseto mingine utakayoisikia

Kuna wa dawa nne usio na bismuthi: ule wa tatu ukiongezewa metronidazoli, zote kwa pamoja siku 14. Unasaidia pale bismuthi haipatikani, lakini bakteria akiwa sugu kwa klarithromisini na metronidazoli kwa pamoja, unaanguka. Kuna wa kupokezana, siku 5 za amoksisilini kisha siku 5 za klarithromisini na metronidazoli au tinidazoli, uliotokea Italia. Siku hizi miongozo haiupendekezi tena.

Wa levofloksasini ndio ninaotaka tuutazame kwa makini. Omeprazoli, amoksisilini na levofloksasini mara moja kwa siku, kwa wiki mbili. Ni rahisi, na hutolewa baada ya dozi ya kwanza kushindwa. Lakini sisi tunaishi na kifua kikuu. Levofloksasini ni nguzo ya matibabu ya TB sugu. Ukimpa wiki mbili mtu mwenye TB ambayo haijagunduliwa, inampoza kidogo, vipimo vinadanganya, na TB yenyewe inajifunza kuikwepa dawa. Mwenye kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au kupungua uzito apimwe makohozi kwanza. Rifabutini, inayotumika nchi nyingine kwa wagonjwa walioshindikana, ni ndugu wa rifampisini ya kutibu TB, na hofu ni ileile. Isitoshe, siprofloksasini imeshamezwa sana kwetu kwa UTI na taifodi, na bakteria anayeikwepa hiyo huikwepa na levofloksasini, ndugu yake.

Wewe unaangukia wapi

Kabla hujatoka kwa daktari, mwambie antibayotiki unazokumbuka. Kama jina limepotea, eleza kidonge: vitatu tu kwa siku tatu, kapsuli ya rangi mbili, zile chungu za kuharisha. Sisi tutajua.

Ukiwa umewahi kumeza azithromisini, erithromisini au klarithromisini, kwa ugonjwa wowote ule, omba mseto wa nne wenye bismuthi. Vivyo hivyo ukiwa na mzio wa penisilini, ukiwa kwenye dawa za presha nilizozitaja, au ukiwa umeshindwa na wa tatu. Mimi mwenyewe ningeugua leo, na mseto wa nne upo famasi, ningeuchukua kwanza, kwa sababu siwezi kuapa kwamba azithromisini haijanipitia.

Mseto wa tatu ninaukubali kwa mtu ambaye ana uhakika hajawahi kutumia kundi lile, hana mzio, na kazi yake haimruhusu kumeza mchana. Uwe wa siku 14, na amoksisilini iwe gramu moja kamili kila mara, maana kuna wanaomeza kapsuli moja ya 500 wakidhani ndiyo dozi. Amoksisilini uliyowahi kumeza zamani isikutie hofu sana. Inaweza kutumika tena.

Ukiwa umeshindwa na mseto wa nne, usirudie kwa kubahatisha. Hapo ndipo nauli ya hospitali kubwa yenye daktari wa mfumo wa chakula inapolipa, na kuotesha bakteria kunapokuwa na maana.

Kuna watu ambao suala la tatu au nne haliwahusu kwanza. Unayetapika damu, unayepungua uzito bila sababu, chakula kinakwama, damu imepungua, au una zaidi ya miaka 50 na maumivu ndiyo yameanza, unahitaji endoskopi kabla ya mseto. Na unayekunywa diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa mgongo na magoti, zenyewe zinatoboa tumbo hata bila bakteria. Mseto wowote juu yake ni kama kujaza ndoo iliyotoboka.

Baada ya kidonge cha mwisho

Kupona hakupimwi kwa tumbo kutulia. Kipimo ni cha choo, au cha kupuliza hewa pale kilipo, na kisifanyike kabla ya wiki 4 kupita tangu umalize antibayotiki na bismuthi. Omeprazoli iwe imesimama wiki 2 kabla ya kipimo, la sivyo bakteria wachache waliobaki wanajificha na majibu yanasema hasi ya uongo. Kipimo cha damu hakifai kabisa kwa kazi hii. Kinaonyesha alama za kinga ambazo hubaki miezi au hata miaka baada ya bakteria kufa, na nimewaona watu walioshapona kabisa wakitibiwa mara ya tatu kwa sababu ya alama hizo.

Mama wa Mwaloni alirudi wiki ya tatu akitaka omeprazoli, tumbo limeanza kuunguza kidogo. Nilimnyima. Nilimpa dawa ya maji ya gesi, anywe pale tu panapowaka, nikamwandikia tarehe kwenye bahasha ileile yenye ratiba yake, ambayo alikuwa bado nayo, imekunjwa ndani ya leso pamoja na hela za dagaa. Tarehe ilipofika alipeleka kikopo maabara. Saa 9 mchana alipita dirishani, akaibandika karatasi ya majibu kwenye kioo ili niisome bila kuishika: hasi.

“Sasa chai ya maziwa ni saa yoyote?”

“Saa yoyote, mama.”